Ndovu wa Nusu Kilo

Naanza na hili: SIKUMPANDA Mwalimu mgongoni. Huyo anayewasambazia hivyo kwenye grupu alikuwa mkiani mwa msafara, ameinama anafunga kamba za viatu, na alipoinua kichwa mambo yalikuwa yameshaharibika. Nilijificha NYUMA yake. Nyuma na mgongoni ni vitu viwili.

Haya. Jumamosi asubuhi mapema, msitu wa Arabuko-Sokoke, watu kumi na mmoja. Nyinyi wa bara mkisikia baridi ya Julai huku Pwani mnacheka, lakini kusi likivuma usiku kucha na umande ukalala majanini, hata sisi hutoa majaketi sandukuni. Mimi nilivaa mawili. Mwalimu, mama mstaafu wa miaka 68, alijitanda leso tu juu ya nguo zake, anatembea mbele yangu kama anakwenda sokoni.

Mwongozaji akatuonyesha kinyesi cha ndovu. Kibichi, kinafuka mvuke. (Ndiyo, ndovu wapo. Msitu una zaidi ya kilomita za mraba 400, msinianzie.) Akasema tukisikia kishindo tusikimbie. Nikaitikia kwa sauti kuliko wote: "Sisi tumezoea!"

Hatua kama thelathini mbele, chini ya miti ya mirihi: pa! Kimya. Pa! Pa! kwenye majani makavu. Tumbo likanishika. Nikaona majani yanatikisika, nikaona, wallahi niliona, mkonga. Mkono wangu wa kulia ukatoka wenyewe ukaikamata leso ya Mwalimu begani. Wa kushoto ukafuata bega la pili. Kisha taratibu, kama mtu anayesogeza kabati la vyombo, nikamzungusha mpaka yeye akawa upande wa ndovu, mimi upande wa uhai. Nikakunja magoti ili nienee. Akaniuliza kwa upole, sauti ileile ya darasani: "Mwanangu, unafanya nini?"

Nikamjibu, na hili ndilo linaloniamsha usiku: "Mwalimu, wewe umeshaishi."

Majani yakafumuka, akachomoka sange.

Kwa msiomjua: mnyama wa nusu kilo hivi, miguu kama njiti, pua ndefu inayochezacheza, na matako ya manjano utadhani amekalia rangi mbichi. Akishtuka huchapa mkia kwenye majani. Kuna watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta huyo. Mimi nilimkimbia. Nilikuwa nimeshazama vichakani ndipo nikagundua leso nimeondoka nayo, inapepea mkononi, jina lake linasomeka vizuri: AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI.

Sange hakurudi. Waliokuja na kamera zao kwa ajili yake hawakunisemesha mpaka mchana. Jioni tukaenda Mida, mkono wa bahari ulio jirani, maji yametoka, ndege wamejaa matopeni wanadonoa, lakini darubini zikawa zinanigeukia mimi. Basi.

Leso nimeifua, nimeipiga pasi, nikampa mtoto wa dadangu aipeleke, maana mimi uso sina. Amerudi na ujumbe: "Mwambie mjomba wako Jumamosi tunakwenda tena. Safari hii nitavaa doti nzima, achague atakayokimbia nayo."