Kati ya Atomu Moja na Bahari ya Elektroni

Katika shule za upili hapa Kisumu, somo la muungano wa metali huruka hatua moja kubwa. Mwanafunzi huonyeshwa atomu moja, kisha papo hapo huelezwa kuhusu atomu zisizohesabika zilizojipanga ndani ya bahari ya elektroni, yaani elektroni zinazozunguka huru kati ya atomu zote, na wengi huondoka wakiamini kwamba metali haziundi molekuli. Imani hiyo inanisikitisha, kwani atomu mbili za kromiamu hushikana na kuwa molekuli kamili, umbali kati yake ukiwa takriban pikomita 168 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita), ilhali katika kromiamu yabisi majirani hukaa takriban pikomita 250.

Molekuli ya aina hiyo haihifadhiki chupani, kwa maana ikikutana na wenzake huungana nao mara moja. Dawa yake ni njia iliyoasisiwa na mwanakemia George Pimentel na wenzake huko California mwaka 1954, awali kwa ajili ya molekuli zisizodumu. Mvuke wa metali huelekezwa ndani ya ombwe, pamoja na gesi ya argoni nyingi mno, kwenye kidirisha kilichopozwa hadi kelvini 10 hivi (nyuzi 263 za Selsiasi chini ya sifuri), nayo argoni huganda huku ikizinasa chembe za metali, kila moja mbali na nyingine. Gesi hii si ngeni kwetu: mafundi wanaochomelea alumini huitumia kwa sababu iyo hiyo, kwamba haiingiliani na metali.

Leza inapomulika argoni hiyo iliyoganda, molekuli iliyonaswa hufyonza mwanga wa rangi inayoifaa na kurudisha mwanga wenye nishati pungufu, uliogawanyika katika mistari ambayo nafasi kati yake hueleza jinsi atomu zinavyotetema. Argoni husogeza mistari hiyo kidogo, kwa hiyo ni busara kuilinganisha na ya molekuli iliyonaswa katika gesi ya neoni, ambayo kwa kawaida huisogeza kidogo zaidi. Linalonivutia kuliko yote ni kwamba argoni ikipashwa taratibu hadi karibu kelvini 30, hulegea na kuziruhusu atomu kusogea: mistari ya atomu moja moja hufifia, na ya atomu mbili, kisha tatu, hukua.

Mitambo ya kupoza ni ghali, na shule haziihitaji. Spektra mbili zilizochapishwa, yaani michoro ya mistari hiyo, ya kabla na ya baada ya kupasha, zinatosha kwa kipindi kimoja, na ningependa walimu wenzangu wamuulize mwanafunzi ni mistari ipi iliyo ya atomu mbili, na amejuaje.