Sadaka ya harusi itoke mfuko wa nani?

Kuna rai kwamba harusi zetu zitengewe sadaka: mgeni asilete zawadi, bali achangie mayatima, au pawekwe sanduku mlangoni mwa ukumbi. Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia na mialiko ikaanza kumiminika, rai hii inastahili kupimwa, maana nia njema peke yake haitoshi.

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima, yaani karamu ya harusi, japo kwa kondoo mmoja. Na katika Hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, chakula cha walima kinatajwa kuwa kiovu kuliko vyote pale wanapoalikwa wenye nacho wakaachwa masikini. Upande wa wanaume hili halijapotea kabisa. Nikaha ikishafungwa msikitini, halua na kahawa hupewa kila aliyepo, hata asiyemjua bwana harusi. Ukumbini ni mambo mengine. Pilau lililokuwa likipikwa uani, jirani akaingia bila kadi, sasa liko nyuma ya mlango wenye bawabu.

Lakini anayesema "msilete zawadi, toeni sadaka" nadhani hajawahi kukaa na mama wa bi harusi siku ya pili yake, bahasha zimemwagwa kitandani na daftari liko mapajani. Fulani, elfu ishirini. Fulani, doti ya kanga. Fulani, seti ya vikombe. Haandiki kwa uchoyo. Wote hao amekwishawatunzia mabinti zao, na wale ambao bado, atawarudishia zamu yao ikifika. Ni akiba ya wanawake inayozunguka mtaani bila benki. Mjane anayeuza maandazi ametoa miaka nenda miaka rudi akingojea siku hii. Leo mtoto anachapisha kadi ya kuelekeza tunzo kwingine. Hapo aliyetoa sadaka ni mama, tena bila kuulizwa.

Sanduku nalo lina dosari yake. Aya ya 271 ya Suratul Baqara inasema kudhihirisha sadaka ni vizuri, ila kuificha na kuwapa mafakiri ni bora. Sasa mtu ameshalipia sare, ameshachanga, anafika mlangoni mashoga wamesimama wanatazama mkono wake. Hiyo inakaribia kuwa kiingilio. Na nani atazihesabu pesa zile?

Kwa hiyo mimi naunga mkono sadaka, ila itoke kwenye bajeti ya wenye harusi, ikatwe kabla kadi hazijachapwa. Sare ya pili ikiondolewa, fedha yake ipelekwe kimya kimya kwa mwenye shida anayejulikana mtaani, au kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya hapa Zanzibar. Au wapishi waambiwe waongeze masinia kumi. Sinia moja huliwa na watu wanne, kwa hiyo hao ni watu arubaini, na chakula kiwafikie wazee wa makao ya Welezo kingali moto, nyama imo, kabla wageni hawajanawa. Si makoko ya saa nne usiku.

Watasema familia nyingi zimekopa hata hiyo harusi yenyewe. Basi wao wasitoe kitu. Wapunguze karamu ifike kwenye kondoo mmoja, walipe deni la watu, na mama aachiwe bahasha zake.