Dondoo zisizoulizwa kwenye mtihani

Wapo watu wanaokusanya stempu, wapo wanaokusanya sarafu za zamani, na tupo sisi tunaokusanya mambo ambayo hakuna aliyetuuliza: kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba Zuhura huchukua muda mrefu zaidi kujizungusha mara moja kwenye mhimili wake kuliko kulizunguka jua, kwamba duniani kote ni ziwa moja tu, Baikal la Urusi, linalolishinda Ziwa Tanganyika kwa kina. Magazeti na redio zimetuzoesha kuyapokea mambo haya chini ya kichwa cha "Je, wajua?", na wenye shughuli zao huyahesabu kuwa porojo za kupitishia wakati. Naona wanayadharau bure, ingawa nakiri kwamba sisi tunaoyasambaza ndio tuliowapa sababu, kwa kuwa mara nyingi tunayatoa yakiwa yamekatwa mkia.

Chukua vita vya Zanzibar. Barazani kwa watu wanaopenda mambo haya, haipiti wiki bila mtu kukumbusha kwamba vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa Unguja tarehe 27 Agosti 1896, vikamalizika kwa dakika 38 hivi. Watu hucheka, kisha mazungumzo huhamia kwenye mpira. Lakini utamu wenyewe umo katika yale yanayoachwa nje. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25, na siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, ambao tayari walikuwa na mtu wao. Alipewa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameondoka. Hakuondoka, na manowari zilizotia nanga mbele ya mji zikafyatua mizinga. Upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa watu wapatao 500, na ukishalijua hilo, kile kicheko cha dakika 38 hukukwama kooni. Khalid mwenyewe alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Wajerumani, Waingereza wakaketi nje wakimvizia. Mwezi Oktoba Wajerumani walingoja maji ya bahari yajae, mashua ikasogea hadi kwenye ubalozi wenyewe, naye akapanda bila kukanyaga ardhi ambayo angekamatwa juu yake, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimtia mkononi mwaka 1916, wakamhamishia uhamishoni, na hatimaye akafia Mombasa mwaka 1927. Kwangu mimi yale maji kujaa ndiyo yanayostahili kusimuliwa, kuliko hizo dakika.

Kukusanya peke yake ni nusu ya raha. Nusu ya pili ni kugawa, na anayegawa vizuri hurudi na zaidi ya alichotoa. Jioni moja nilimweleza muuza pweza wa mtaani kwetu habari ya ile mioyo mitatu, kwamba miwili husukuma damu kwenye matamvua na wa tatu huisambaza mwilini. Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kukata vipande vyake, akanijibu kwamba jike la pweza likishataga hulinda mayai bila kwenda kutafuta chakula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Nilikuja kuthibitisha baadaye kwamba ni kweli tupu, na sikuona haya kwamba biashara ile nilitoka nikiwa na faida.

Kuthibitisha ndiko kunakotutenganisha na wazushi. Kwa miaka mingi watu walisambaza kwa uhakika kabisa kwamba Ukuta Mkuu wa China huonekana kwa macho kutoka angani, hadi Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda huko, aliporudi mwaka 2003 akasema hakuuona. Mimi sikuihuzunikia dondoo ile ilipokufa, kwa sababu habari ya kuanguka kwake inasimulika vizuri kuliko yenyewe ilivyokuwa ikisimulika.

Iliyo kipenzi changu ni ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba huko Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake, na kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye friji aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake aliyeyaingiza yakiwa baridi. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa, na alipolirudia swali akiwa Mkwawa, Iringa, mbele ya Dakta Denis Osborne aliyekuja kuwazungumzia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake walimcheka. Osborne hakuridhika na kucheka. Alilijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Tangu hapo wanafizikia wamekuwa wakivutana: wapo wanaotoa maelezo ya kila namna, na wapo waliorudia jaribio kwa uangalifu wasione tofauti yoyote. Ndiyo maana dondoo hii huwa naituma kwenye kundi la ndugu zangu Jumamosi asubuhi, watu wakiwa nyumbani na friji ikiwa karibu.