Uhuru wa Barabarani Marekani na Mbwa Asiyeulizwa

Nchini Marekani wapo watu waliouza nyumba zao au kuacha kupanga, wakahamia moja kwa moja katika gari lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji. Zamani wengi wao walikuwa wastaafu. Siku hizi, kwa kuwa kazi nyingi hufanyika kwa kompyuta popote penye intaneti, wamo pia vijana na hata familia zenye watoto. Gari-nyumba la namna hiyo hukaa Arizona au Florida wakati wa baridi, na majira ya joto yakikaribia hupanda kaskazini. Katika mengi ya magari hayo, chini ya meza ya kulia au katikati ya viti viwili vya mbele, amelala mbwa, na kuhusu mbwa huyo kuna mabishano ya muda mrefu. Upande mmoja husema hakuna mbwa mwenye bahati kumzidi, kwa sababu hashindi peke yake wala halali peke yake. Upande wa pili husema amefungiwa ndani ya boksi la mita nane, akihamishwa kila wiki kwa ajili ya ndoto ya mtu mwingine. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimelishikilia suala la nafasi na kuliacha lililo zito zaidi, yaani joto, pamoja na ile siku ambayo gari lenyewe linagoma.

Hoja ya watetezi ina nguvu kuliko wapinzani wanavyokubali. Mbwa wa kawaida wa mjini Marekani hubaki ndani ya nyumba au fleti tangu mwenyewe anapokwenda kazini asubuhi hadi anaporudi jioni. Huko si kama kwetu, ambako mbwa wengi hulala bandani mchana na kufunguliwa usiku walinde kiwanja. Kwa mnyama aliyezoea kushinda saa nane au tisa akiutazama mlango, kuwa karibu na mwenyewe mchana kutwa ni badiliko kubwa, na sidhani kama mbwa hupima makao yake kwa mita za mraba. Isitoshe, gari-nyumba halina ua. Mtu hawezi kufungua mlango wa nyuma akamwachia mbwa ajisaidie huku yeye akiendelea na kahawa yake. Inambidi avae viatu, achukue kamba na mfuko wa kuokotea kinyesi, atoke naye asubuhi, mchana na usiku, mvua inyeshe isinyeshe. Mtu na mbwa wake wote hutembea zaidi kuliko walivyotembea walipokuwa na nyumba.

Ni kweli pia kwamba si kila mbwa anayaweza maisha hayo. Wapo wanaotetemeka injini ikiwashwa, wanaotapika kwenye kona za milimani, na wanaobweka usiku kucha kila wanapofika mahali pageni. Katika kambi za kulipia magari huegeshwa hatua chache tu baina yake, na mbwa anayebweka akiachwa humletea mwenyewe onyo, kisha amri ya kuondoka. Kambi nyingine hukataa kabisa aina fulani za mbwa, hasa pitibuli na rotweila, bila kuuliza tabia ya mbwa aliyepo mlangoni. Lakini haya hujulikana mapema, na mwenye busara huyapima kabla ya kuuza nyumba.

Joto ni jambo jingine. Mbwa hatoki jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza hasa kwa kuhema, na njia hiyo hushindwa hewa yenyewe ikiwa ya moto na nzito. Mwili wake ukiwa mzima huwa na nyuzi za Selsiasi 38 hadi 39 na ushei, na ukipita 41 maisha yake yamo hatarini. Kwa hesabu zinazotolewa na chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani, nje kukiwa na nyuzi 21 tu, joto ndani ya gari dogo lililofungwa hufika 32 kwa dakika kumi na 40 kwa nusu saa. Gari-nyumba ni kubwa, kwa hiyo huchelewa kidogo, ila kuta zake ni nyembamba na paa lake hupigwa jua siku nzima. Uhai wa mbwa anayeachwa humo mchana wa Julai unategemea kiyoyozi, kiyoyozi kinategemea umeme, na umeme unategemea nguzo ya kambi linakochomekwa gari, nguzo ambayo mwenye mbwa hakuifunga wala hajui imechakaa kiasi gani.

Tuiangalie nguzo hiyo kwa karibu. Ile ya ampea 30, kwa volti 120, hutoa wati 3,600 na si zaidi, na kiyoyozi kimoja cha juu ya paa huweza kula wati 1,500 kati ya hizo. Mtu akiwasha kiyoyozi, hita ya maji na maikrowevu kwa pamoja, swichi ya kinga inakata. Akiwepo, anatoka nje, anafungua kifuniko cha nguzo, anaishusha swichi mpaka mwisho kisha anaipandisha, na maisha yanaendelea. Mbaya zaidi ni alasiri ambayo kambi nzima imewasha viyoyozi: volti hushuka, vifaa vya kulinda gari hukata umeme vyenyewe, na mwenye mbwa yuko dukani kilomita 20 kutoka hapo. Ndiyo maana wengi hununua kifaa kidogo kinachopima joto na kutuma ujumbe kwenye simu. Kifaa hicho husaidia sana, mpaka mtu anapofika mahali pasipo na mtandao wa simu, ambapo ndipo palepale alipokuwa akipaota wakati anauza nyumba.

Watetezi hujibu kwamba mtu mzoefu huitegemea ramani kuliko mashine, na hapa naona wako sahihi. Mji mdogo wa Quartzsite, katika jangwa la Arizona, uko takriban mita 270 juu ya usawa wa bahari, na kila msimu wa baridi hujaa magari-nyumba. Idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, inayojulikana kwa herufi BLM, imetenga hapo maeneo ambayo mtu huweza kukaa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili kwa ada ambayo kwa muda mrefu ilikuwa dola 180 kwa msimu wote. Majira ya joto yakiingia, nyuzi hupita 40 kila mara na jangwa halikaliki. Lakini Flagstaff, ndani ya jimbo hilohilo, uko kwenye mita 2,100 hivi, katikati ya misitu ya misonobari, na mtu akiondoka Quartzsite asubuhi anaweza kufika siku hiyohiyo. Mwenye nyumba ya matofali huko Phoenix, mji mkuu wa jimbo hilo ulio jangwani, hana uwezo huo. Anayepanga safari zake kwa kufuata baridi na mwinuko humpa mbwa hali ya hewa bora kuliko ya mbwa wengi wa mjini.

Tatizo ni kwamba wengi huingia barabarani wakifuata vivutio, na vivutio vikubwa vya nchi hiyo havimtaki mbwa. Kanuni za hifadhi za taifa za Marekani zinataka kamba isiyozidi futi sita, kama mita 1.8, na zinakataza kumwacha mnyama amefungwa peke yake nje ya sehemu zilizotengwa. Yellowstone humruhusu mbwa umbali wa mita 30 tu kutoka barabara, maegesho na kambi. Grand Canyon humruhusu kwenye njia za ukingo wa juu upande wa kusini, lakini haruhusiwi kuteremka bondeni. Ukali huo una sababu, maana katika hifadhi hizo kuna dubu, mbwa mwitu na maji yanayounguza. Mwaka 1981, huko Yellowstone, kijana mmoja alijitosa katika chemchemi ya maji yaliyokaribia kuchemka ili kumwokoa mbwa wa rafiki yake, na wote wawili, mtu na mbwa, wakafa.

Kwa hiyo aliyefika hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, na mbwa wake, mwezi wa Julai, hana machaguo mengi. Anaweza kutembea naye kwenye njia moja tu iliyoruhusiwa, Pa'rus, tena kabla lami haijachoma nyayo. Anaweza kumlaza katika kituo cha kutunzia mbwa nje ya hifadhi na kulipa. Kama wako wawili, wanaweza kupokezana, mmoja apande mlima leo na mwenzake kesho, na hivyo kila mmoja auone mlima peke yake. Au anaweza kumwacha garini na kuiamini ile nguzo. Wanaozijua kanuni huibadilisha ramani yao: wanapunguza hifadhi za taifa, wanaongeza misitu ya taifa na ardhi za BLM, ambako mbwa hukubaliwa karibu kila mahali na kwa kawaida mtu huruhusiwa kukaa bure siku 14 kabla ya kuhama. Nimewasikia wakisema kwamba mbwa ndiye aliyewafundisha Marekani isiyo na foleni, na siwapingi. Ila wanaacha kuongeza kwamba wengine walinunua gari la bei ya nyumba ili waione Yosemite.

Upande wa matibabu nitaupitia haraka. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ndicho hati inayoulizwa zaidi kambini na mpakani. Daktari wa wanyama kwa kawaida hutakiwa awe amemchunguza mbwa mwenyewe kabla ya kumwandikia dawa, jambo jepesi kwa mwenye makazi na usumbufu kwa anayehama kila mwezi. Magonjwa nayo hufuata mikoa: minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu kusini-mashariki, kupe wa ugonjwa wa Lyme kaskazini-mashariki, kuvu ya vumbi la jangwani Arizona. Mbwa anayezunguka nchi nzima anakutana na yote. Anayevuka kwenda Kanada au Meksiko akumbuke pia kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2024 kila mbwa anayeingia Marekani, hata anayerejea kwao, lazima awe ametimiza miezi sita, awe na chipu mwilini, na fomu yake iwe imejazwa. Kwa ndugu zetu walioko huko, Kenya na Tanzania zimo katika orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na masharti ya mbwa anayetoka huku ni mazito zaidi ya hayo.

Yote hayo hupangika. Lisilopangika ni gari kuingia gereji. Mwenye nyumba, gari lake likiharibika, hupanda teksi akarudi kwake. Mwenye gari-nyumba, gari likipandishwa juu ya jeki, amekosa kitanda, jiko na mahali pa mbwa kwa mkupuo mmoja. Kipuri huweza kuchukua wiki mbili kufika. Gereji nyingi haziruhusu watu kulala ndani ya gari lililo kazini, na hoteli inayokubali mbwa mkubwa huongeza ada, ikiwa ipo. Mwenye akiba huiona hali hii kuwa kero. Asiye na akiba huiona tofauti kabisa, na hapa mjadala wa mbwa mwenye bahati na mbwa mfungwa hauna maana tena, kwa sababu si wote waliomo ndani ya magari hayo walioyachagua. Wapo waliofukuzwa na kodi za nyumba, na wapo waliokataliwa fleti kwa sababu ya mbwa huyohuyo, wakaona heri gari pamoja naye kuliko chumba bila yeye. Mwezi Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Grants Pass wa jimbo la Oregon, iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala katika maeneo ya umma hata kama hawana pengine pa kwenda. Kwa mtu wa namna hiyo, anayesogezwa kutoka maegesho hadi maegesho katikati ya joto, bila nguzo ya umeme wala pesa za kupanda milimani, kumwambia kwamba anamtesa mbwa ni kumlaumu aliyeshindwa kumwacha.

Kwa mwenye uwezo wa kuchagua, naunga mkono maisha haya endapo wako watu wawili na akiba ya matengenezo haiguswi, na endapo wote wawili wako tayari kuziacha hifadhi nusu bila kuziona. Kwa anayesafiri peke yake nasita, hasa akiwa mzee, kwa kuwa akilazwa hospitali ghafla katika mji asiomjua mtu, mbwa atabaki ndani ya gari lililofungwa na huenda hakuna ajuaye kwamba yumo. Anayetaka kujaribu anaweza kukodi, kwani baadhi ya wanaokodisha magari haya hukubali mbwa kwa ada ya ziada. Wengi hufanya jaribio lao mwezi Oktoba, hewa ikiwa tulivu na kambi zina nafasi, wakarudi wakiwa wameshauza nyumba kichwani. Wangekodi wiki mbili za Julai.