Ukikataa, Ndiyo Unayo

Kuna neno la Kizungu limehamia kwangu hapa Pasua bila kulipa kodi wala kupita kwa balozi wa nyumba kumi. Linaitwa dinayo. Naliandika nilivyolisikia, maana aliyelileta ni binti yangu Nuru, karudi likizo kutoka chuoni, na analitamka upesi kama anatema mbegu ya chungwa. Ukimuuliza maana yake anasema ni kukataa, yaani pale ukweli umeingia sebuleni, umekaribishwa kiti, umekunywa na chai, halafu mwenye nyumba anasema hajaona mgeni.

Mimi na Kiingereza hatuna ugomvi. Tatizo la hili neno ni kwamba halina mlango wa kutokea. Ukiambiwa unayo, ukasema sina, basi hiyo ndiyo dalili. Ukinyamaza, imeshakomaa. Mwizi wa kuku ana unafuu kuliko mimi: akifikishwa mahakamani akakana shtaka, hakimu anaandika amekana, na upande wa mashtaka unahangaika kutafuta mashahidi. Kwangu kukana ndiyo ushahidi wenyewe, na hakimu ni Mama Nuru, ambaye pia ni mlalamikaji, na ndiye anayepakua chakula.

Lilianzia kwenye luku. Umeme umeisha usiku, nimenunua kwa simu, ikaja ile meseji ya tarakimu 20. Sasa hizi meseji za siku hizi sijui wanabana matumizi ya nini, herufi zinazidi kusinyaa kila mwaka. Nikanyoosha mkono, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kabatini, nikabonyeza. Mita ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Mita ile ni mbovu, mtaa mzima unajua. Nuru akaninyang'anya simu, akabonyeza mara moja, taa zikawaka. "Baba, nane unaisoma tatu. Nenda kapimwe macho."

Nikamweleza kwa utulivu kwamba ukoo wetu hauna miwani. Babu yangu alikuwa anamwona mwizi wa ndizi tangu bondeni.

"Kwa mbali hata wewe unaona," akasema. "Ya karibu ndiyo huoni. Mtu akishapita miaka 40 lenzi ya jicho inakakamaa, ni kawaida tu."

Nikasema lenzi yangu haijakakamaa, mita ndiyo imekakamaa. Hapo ndipo nikasikia sauti ya Mama Nuru kutoka jikoni, anauliza kwa bidii ya mwanafunzi mpya: "Nuru, hiyo sasa ndiyo dinayo yenyewe, siyo?"

Tangu siku hiyo sina amani. Nikisema suruali imerudi ndogo kwa fundi, dinayo. Nikisema timu yangu imefungwa kwa sababu ya refa, dinayo. Hata refa!

Nikaona bora nimbane msomi kwa usomi wake. Nikamuuliza hili neno limeanzia wapi. Akanipeleka Vienna kwa daktari Sigmund Freud na binti yake Anna, akanivusha bahari mpaka Chicago kwa Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi. Huyu mama alikuwa anakaa na wagonjwa mahututi anawauliza wanajisikiaje, na mwaka 1969 akaandika kwamba mtu akipewa habari ya kufa hupita hatua tano: kukataa, hasira, kubembeleza mambo yasogezwe mbele, huzuni, mwisho kukubali. Nikamwambia mwanangu, hao walikuwa wanakufa. Mimi nimeambiwa nikanunue miwani. Tofauti huioni?

Lakini nikanasa kitu. Kumbe huyohuyo daktari alisema kule kukataa kuna kazi yake, ni kinga ya kupokea mshtuko wa habari nzito, moyo upate muda wa kujipanga. Nikasimama. Kwa hiyo ni kinga! Kwa nini basi natukanwa kwa kujikinga? Mama Nuru akasema kinga ya muda, Baba Nuru, siyo ya kufunga mkataba. Huyu mwanamke hajawahi kumsikia Kübler-Ross kabla ya jioni ile, lakini tayari anamfafanua.

Na mtu akitaka kuona dinayo halali nitamwonyesha, haihitaji kwenda mbali, asimame tu hapa barabarani asubuhi atazame juu. Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alifika nchi hizi kwa miguu akitokea upande wa pwani, akauona mlima Kilimanjaro, akaandika kwamba una theluji. Kule London alikuwepo bwana mmoja mtaalamu wa ramani, William Desborough Cooley. Akasema haiwezekani, theluji karibu na ikweta ni macho ya mmisionari tu. Yeye mwenyewe mlima hajauona! Mwaka 1862 akaja Baron von der Decken na Otto Kersten, wakapanda mpaka kupita meta 4,000, theluji ikawaangukia usiku. Cooley akapelekewa habari, akakataa vilevile. Watu wameloweshwa na theluji, yeye kakaa kwenye kiti chake anawaambia haipo. Huyo sasa ndiye wa kuitwa hilo neno. Mimi ni mita tu.

Nuru akasema vizuri baba, umetoa mfano mzuri, na hiyo theluji sasa hivi inaisha. Ukilinganisha na ramani ya mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ya ile barafu imeondoka. Nikamwambia hayo ni mawingu, asubiri masika yaishe ataiona yote. Wakatazamana, yeye na mama yake. Hawakusema kitu, wakaanza kucheka, na mimi sipendi watu wanaocheka bila kutoa sababu.

Ya nyumbani ningeyavumilia. Lakini neno lina miguu. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, kodi ananizungusha tangu kabla ya Pasaka, nimemgongea mlango juzi ananijibu kwa upole wa padri: "Mzee, hela hakuna. Naona bado uko kwenye hatua ya kukataa." Nimlipishe kodi, na yeye anitibu!

Kubwa kuliko lote ni la Mangi wa dukani. Yeye kalisikia kwa wateja, na masikio ya mwenye duka yanajua lugha moja. Jana nimefuata kiberiti, akaniinamia kwa siri: "Mzee, nimesikia hata nyumbani wanasema deni unalo. Nikaona basi leo tulimalize." Akafungua lile daftari la kaunta, limejaa mafuta ya taa, akaniwekea ukurasa wangu. Nikautazama. Nikausogeza mbali. Nikamwambia Mangi, huu mwandiko mdogo mno, mimi siwezi kulipa kitu kisichosomeka, hiyo siyo biashara.

Akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akaniwekea juu ya daftari.

Nimemwambia nitapita kesho mchana. Dukani kwake kuna giza.