Skolashipu inayowafukuza watu darasa la Kigiriki

Matangazo ya skolashipu za seminari yana maneno matamu: "kwa waombaji wenye ufaulu wa juu na wito uliothibitika." Mtu anashangilia, anatuma transkripti, barua inakuja, anasaini. Sentensi inayouma imejificha ukurasa wa pili: mnufaika atadumisha GPA (wastani wa alama, kilele 4.0) isiyopungua 3.5 kila muhula. Kila muhula! Wito ulitajwa kwenye tangazo, haukuulizwa tena.

Hebu tupige hesabu, maana walioandika sharti hilo nadhani hawakuipiga. M.Div. (shahada ya uzamili ya uchungaji), muhula wa kwanza, kozi 4 za krediti 3 kila moja. Mwanafunzi katokea uhasibu, hajawahi kuona herufi ya Kigiriki, lugha ya Agano Jipya. Agano la Kale, historia ya kanisa na theolojia anapata A- (3.7) zote. Kigiriki anapata C+ (2.3). Kwa mtu aliyeanzia alfa na beta, akakaririshwa maumbo 24 ya kibainishi (kile kineno kama "the" ya Kiingereza) kabla hajakigusa kitenzi, hiyo si aibu hata kidogo. Jumlisha, gawa kwa 4: 3.35. Skolashipu kwaheri. Ili abaki na 3.5 kamili alitakiwa apate A (4.0) mbili na A- moja kwenye hizo nyingine, bila kuteleza popote.

Chuo chenye huruma kidogo kitahesabu GPA ya jumla. Haya, muhula wa pili sasa anahitaji wastani wa 3.65, na Kigiriki cha pili kinamsubiri. Akijitahidi mpaka B- (2.7), kozi tatu zilizobaki lazima zote ziwe A. Jirani yake aliyekisoma Kigiriki shahada ya kwanza anavuna A usingizini. Hapo tumempima nani ana bidii, au nani alifika na mtaji?

Matokeo yake watu wanajifunza kukwepa. Kigiriki kinasogezwa hadi mwaka wa mwisho, au mtu anakiacha wiki ya tano, krediti zinashuka kutoka 12 hadi 9, na sharti la kusoma muda wote linamtoa kwa mlango wa nyuma. Ajabu ni kwamba wahisani walichangia ili wapatikane wachungaji wanaoweza kulisoma Neno lenyewe. Wanapata mhubiri mwenye GPA 3.9 ambaye *en arkhe en ho logos* ("Hapo mwanzo kulikuwako Neno") anaitafuta kwenye simu.

(Na Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, jamani, Mswahili asikiogope. Aliyezoea piga, pigwa, pigana, pigisha ameshaielewa nusu ya habari ya Nifali, Hitpaeli na Hifili, yaani maumbo ya vitenzi vyake. Kinachoua ni irabu.)

Mafunzo ya uchungaji hospitalini nayo usiniulize. Uniti moja mara nyingi ni saa 400, kukesha na wafiwa kukiwemo, na kwa kawaida matokeo ni kufaulu au kufeli tu. Kwenye GPA hazipandishi hata nukta.

Sawa, fedha za watu hazigawiwi kwa macho, na alama ni kipimo ambacho mjomba wa mtu hawezi kukipindisha kirahisi. Nakubali. Basi lugha za mwaka wa kwanza zitolewe kwenye hesabu ya skolashipu, na anayeteleza apewe muhula mmoja wa uangalizi kabla ya kukatwa. Transkripti ibaki ilivyo, hakuna anayeomba alama za bure.

"Ufadhili kamili" mara nyingi ni ada ya masomo tu. Bima, vitabu na chumba ni juu yako. Barua ya mapendekezo ya mchungaji inayosema "ni kijana mcha Mungu" haisaidii kitu, aandike ulifundisha nini, kwa nani, kwa muda gani.

Kabla ya kusaini, iandikie ofisi ya ufadhili uulize: GPA ni ya muhula au ya jumla? Kuna muhula wa uangalizi? Krediti za chini ni ngapi? Nikiugua na kusimamisha masomo, nafasi yangu inabaki? Wakikupigia simu kukujibu, washukuru, kisha waombe waiandike kwenye barua pepe. Ofisa akihama, maneno ya simu anahama nayo.