Mkono Umekataa, Akili Ikahukumiwa

Nimesoma ripoti ya mtoto wa mdogo wangu na damu imenichemka. Mtoto ana miezi 11, mwili umekaza, na akitaka kushika kitu mkono unakwenda unakotaka wenyewe. Ripoti inasema hakutia kijitofali kikombeni, hakufunua kitambaa, kwa hiyo ukuaji wa akili umechelewa sana. Basi. Aliyeiandika ana mwandiko mzuri, hilo nampa.

Nilikuwepo. Njuga ilionyeshwa, ikafunikwa. Mtoto akakodolea macho kitambaa, akaanza kuhema, mkono ukanyanyuka, kisha mwili mzima ukakakamaa na kichwa kikaanguka nyuma. Alipotulizwa, macho yalirudi palepale kwenye kitambaa. Mpimaji akaandika sifuri. Sasa mtu asiyejua kuna kitu chini ya kitambaa anakikodolea macho ili iweje?

Mchezo huu wa kufunika vitu tumerithi kwa Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi. Kwake, mtoto ambaye hajafika kama miezi 8 hakitafuti kilichofichwa kwa sababu hajui kwamba bado kipo. Mwaka 1985 mtafiti Renée Baillargeon na wenzake wakawajaribu watoto wa miezi 5 bila kudai mkono ufanye chochote. Waliwaonyesha ubao ukilala chini, nyuma yake kukiwa na boksi. Ubao ulipopita mahali pa boksi kana kwamba halipo, watoto walikaza macho muda mrefu zaidi. Wataalamu wanabishana hadi leo maana yake ni nini hasa, na wabishane. Ninachokitaka mimi ni ile njia: jicho liliulizwa, likajibu. Wala si jambo jipya. Mtafiti mwingine, Robert Fantz, alishaonyesha miaka ya 1960 kwamba mtoto wa miezi michache huchoka na picha aliyoizoea na kugeukia mpya. Huwezi kuchoka na usichokikumbuka.

Kipimo cha Bayley, cha ukuaji wa watoto wadogo, ambacho wengi wanakitegemea, kilichapishwa mwaka 1969, kikiwa na sehemu ya akili na sehemu ya viungo, na toleo la tatu la 2006 likatenga na lugha pia. Hatua nzuri. Ila fungua hiyo sehemu ya akili: vijitofali vya kutia kikombeni, vijiti vya kuchomeka kwenye matundu, vitambaa vya kufunua. Mfungeni profesa mikono, mpeni vijiti avichomeke, halafu mtuletee alama zake.

Haya, najua mtakachosema. Karibu nusu ya watoto wenye mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayovuruga mwendo wa mwili kama huu wa mtoto wetu, wana ulemavu wa akili pia. Kweli. Tena mtoto asiyetambaa wala kushika hukosa mengi ambayo wenzake hujifunza kwa kuvurugavuruga vitu, kwa hiyo kuchelewa kwa akili kunaweza kuwepo kabisa. Na macho nayo, kwa watoto hawa, mara nyingi yana matatizo yake. Nakubali yote matatu. Lakini nusu ya pili je? Utaijuaje, kama kila swali lako linajibiwa kwa vidole?

Kinachoniuma ni kinachofuata baada ya karatasi. Mtoto aliyeandikwa kuwa haelewi huacha kusemeshwa. Haonyeshwi picha, haulizwi anataka kipi, anawekwa chali akatazama dari huku wakubwa wakizungumza juu yake kana kwamba hayupo. Mpe miaka miwili ya maisha hayo, kisha mpime tena, na ripoti ya kwanza itaonekana ilisema kweli!

Na kwa nini alikalishwa mapajani akiyumba? Mtoto anayepigana asianguke hana nafasi ya kufikiria njuga. Kiti kinachomshika kiuno na kifua, miguu ipate pa kukanyaga, meza iwe karibu. Kisha subiri. Ukishasubiri, subiri tena.

Uholanzi watafiti walishakirekebisha kipimo hichohicho cha Bayley kwa watoto wenye shida za viungo, vifaa vikawa rahisi kushika. Hata asiye na vifaa hivyo anaweza kuweka vitu viwili mbali mbali, akauliza, akaangalia macho yameelekea wapi, akabadilisha upande na kurudia. Kisha aandike alichokiona: alitazama, alisubiri, alikasirika kitu kilipoondolewa. Hayo yote ni majibu. Na kama sifuri imeletwa na mkono, iandikwe kwenye alama za viungo. Sehemu yake ipo, kwenye kipimo hichohicho.